Kisu cha Mpini Mwekundu

Kijana mmoja pale Nyololo alikuwa ametandika turubai lake pembeni ya lami, na juu yake kapanga tochi, mikanda, vikata kucha na visu vya kukunja. Mimi nilikuwa nimeshuka kwenye gari kunyoosha miguu tu, sina haja na kisu. Lakini mkono una kumbukumbu zake. Niliokota kimoja chenye mpini mwekundu wa plastiki, nikakitikisa karibu na sikio kikiwa kimefungwa. Kijana akacheka.

"Mama, hiyo siyo nazi."

Ningemweleza nini, na gari linapiga honi? Kaa nikueleze wewe, rafiki yangu, maana wewe una muda.

Nililelewa na bibi mzaa mama, wilaya hiyo hiyo ya Mufindi, katika kijiji cha bondeni, mbali kidogo na barabara kuu. Nasema kidogo, lakini kwa mtoto wa miaka kumi, mvua zikishaanza ile ilikuwa nchi nyingine. Njia iligeuka utelezi mtupu. Ukungu ulishuka alfajiri na kukaa mpaka wenyewe utosheke, na malori yaendayo Mbeya tuliyasikia tu yakinguruma kule juu, hatuyaoni. Mama yangu alikuwa huko yalikokwenda. Alikwenda Mbeya kutafuta maisha, akaniachia ahadi moja: akipata chumba na nafasi ya shule, atakuja kunichukua. Mimi ahadi hiyo niliilalia na kuamkia.

Nisimsingizie bibi. Alinilisha viazi vya kuchemsha na maharage mpaka tumbo likawa ngoma, na jioni alinipa nafasi ya karibu zaidi na moto, hata kama moshi wa kuni mbichi ulinitoa machozi. Kilichonifunga pale ilikuwa mianzi.

Kama hukukulia kwetu, ulanzi umeukuta kwenye kikombe, hujui shida yake. Mwanzi mchanga hukatwa ncha, kisha hutegeshewa mbeta, yaani kipande cha mwanzi mkavu kilicho wazi juu, utomvu ukadondokea humo. Ukiwa bado mtamu watoto tunakunywa, ukishachacha wanakunywa wakubwa na kuanza kugombea mipaka ya mashamba. Sasa basi, asubuhi na jioni lazima urudi kwenye kila mwanzi uchonge tena pale pale, kipande chembamba kabisa, ili kidonda kibaki kibichi. Usipokwenda, panakauka, mwanzi unaziba, na ndiyo mwisho wake. Bibi alikuwa Mlutheri wa benchi la mbele, lakini wakati wa masika alitoka ibadani kabla ya matangazo. Mchungaji hakumwuliza, labda kwa sababu hata bati za kanisa zilichangiwa na ulanzi. Msimu mzima bibi hakulala nje ya nyumba yake, hata kwenye msiba. "Mwanzi haupokei udhuru," alikuwa akisema, na mimi niliuchukia msemo ule kuliko dawa ya minyoo.

Mwaka huo vidole vyake vilianza kuvimba kwa baridi yabisi. Kisu chake cha kugemea, kirefu na kizito, kilikuwa kinamponyoka. Kwa hiyo siku ya gulio alinichukua, tukapanda mlima kwenda kutafuta kisu kidogo.

Mchuuzi alikuwa na visu vingi vinavyong'aa. Bibi hakuvitazama kung'aa kwake. Aliokota kimoja kikiwa kimefungwa, akakitikisa sikioni. Kikalia, akakirudisha. Cha pili kikalia, akakirudisha. Cha tatu, chenye mpini mwekundu, kilinyamaza. Akakifungua taratibu kwa ukucha, akitazama kinavyopinga. "Kinachofunguka chenyewe," aliniambia, "siku moja kitakufungukia kiunoni." Halafu akalishika bapa kwa vidole viwili akalisukuma huku na huku, kuona kama limelegea kwenye msumari wake. Kisha akageuza mgongo wa bapa, akaukandamiza kwenye mguu wa meza kwa uzito wake wote.

"Bibi! Utakivunja!" mchuuzi akaruka.

"Kikivunjika hapa ni chako, baba. Kikivunjika kwangu ni changu. Bora kivunjike hapa."

Hakikuvunjika wala hakikujikunja. Mimi nikadhani amemaliza. Kumbe bado. Alibonyeza kile kichuma kinacholishika bapa, kwa dole gumba peke yake, akilisukuma na paja. Likakunjika bila ubishi. Ndipo uso wake ukalegea kidogo.

"Watu wanapima kama kinashika," alisema. "Hawapimi kama kinaachia. Kinachoshika tu, mwanangu, huo ni mtego."

Mchuuzi akamwonyesha makali, akanyoa nayo vinyweleo vya mkono wake ili atushangaze. Bibi akamwambia makali ayaweke, hayo angeyatia mwenyewe kwenye jiwe lake nyumbani. Yeye alikuwa ananunua maungio. Kilikuwa kisu cha bei ya chini, na hakujifanya haoni hivyo. Mpini ungepasuka siku moja, chuma kingeshika kutu ukikisahau kwenye mvua. "Kwa bei yake hakijatudanganya," alisema tulipokuwa tunateremka, na kwa bibi hiyo ilikuwa sifa kubwa.

Nyumbani hakunipa mkononi. Kwetu kisu hakipokezwani. Kinawekwa chini, mwenye haja nacho anaokota. Alikiweka juu ya kinu kilichopinduliwa, akakaa akinitazama. Mimi, kwa furaha ya kijinga ya mtoto aliyeona kitu chekundu, nikakiokota.

"Haya," akasema. "Umeokota mwenyewe. Kichaka cha chini ni chako."

Hapo ndipo nilipoelewa nimeingia wapi. Kwa wagemaji wa kwetu, kichaka cha mianzi humzoea mtu mmoja kwa msimu. Mkono ukibadilika katikati, mianzi inanuna na utomvu unakatika. Ndivyo walivyoamini, na nikuambie kweli, sikumwona hata mmoja aliyethubutu kujaribu. Kwa hiyo mpaka mvua ziishe mimi na kichaka kile tulikuwa tumeoana. Na sikuwa na wa kumlaumu, maana nilichumbia mwenyewe.

Basi ikawa ndiyo maisha. Kabla ya shule, kwenye ukungu, miguu pekupeku kwenye majani yenye umande wa baridi. Baada ya shule, kwenye mvua, wenzangu wakicheza rede uwanjani. Bibi alinisimamia nyuma akinifundisha. Kata ukielekeza nje, usielekeze kwako. Dole gumba likae juu ya mpini, lisije likaenda kutembea chini ya bapa. Usichonge kwa hasira, utaumaliza mwanzi kabla ya mwezi kuisha. Nami nilikuwa na hasira tele. Nyuki walinizunguka, mikono ilinata, na kila gari lililonguruma kule barabarani nililihesabia kuwa ndilo lililotakiwa kunibeba.

Asubuhi moja kisu kikagoma. Nilikuwa nakifunga bila kukifuta, siku baada ya siku, na utomvu ukakaukia ndani ya maungio. Nilibonyeza kichuma mpaka dole likawa jeupe, bapa halikusogea. Nikakaa chini pale pale kwenye matope nikalia. Nilililia kisu, nikamlilia mama, nikalilia barabara. Bibi hakunigombeza. Alikichukua akakitumbukiza kwenye maji ya moto, akakichezesha, akakitia tone la mafuta ya nyonyo, akakichezesha tena mpaka kikalegea.

"Si kutu hii," alisema. "Ni utamu ndio umekinasa."

Mama alifika Jumamosi moja katikati ya masika, matope mpaka magotini, viatu kavibeba mkononi. Nilimrukia hadi nikamwangusha. Alikuwa amepata chumba, amepata na nafasi ya shule, lakini Jumatatu nisipokuwepo nafasi ingekwenda kwa mtoto mwingine. Furaha yangu ilidumu mpaka nilipomtazama bibi, ambaye alikuwa anapika na hakugeuka.

"Mama," mama yangu alianza tulipokuwa tunakula, "shule haitangoja."

"Na mwanzi je, unangoja?"

"Si utafute mtu akusaidie?"

"Mtu gani? Nani atashika kichaka cha mwenzake masika hii?"

Mama akainamia sahani. Alijua. Alikuwa amezaliwa kwenye nyumba ile na ada zake za shule zilitoka kwenye mianzi ile ile. Kichaka cha juu bibi alikuwa anakichonga kwa shida, kidogo kidogo, akijipuliza vidole. Cha chini ndicho kilichotununulia chumvi, sabuni na mafuta ya taa mpaka mavuno. Kwenda nilitaka kwa moyo wangu wote, na nilijua kabisa kwamba ningeambiwa ningoje mvua ziishe, na mvua zikiisha hakutakuwa na shule ya kwenda.

Asubuhi bibi aliniita kama kawaida. Nikafunga kanga, nikamfuata kichakani na kisu changu. Ukungu ulikuwa mzito hata nyumba tuliyotoka huioni. Nikakifungua nianze kazi.

"Kiweke chini," akasema.

Nikakifunga, nikakiweka kwenye kisiki. Hakukiokota. Alikwenda kwenye mwanzi wa kwanza, akautoa ule mbeta, akamwaga utomvu kwenye nyasi. Akaenda wa pili. Nilisimama nikitazama maji matamu ya usiku kucha yakinywewa na ardhi, na sikuelewa, mpaka alipofika mwanzi wa mwisho. Alikuwa anakifunga kichaka. Katikati ya masika, kichaka kinachotoa vizuri kuliko vyote bondeni, bibi yangu alikuwa anakifunga kwa mikono yake iliyovimba.

"Bibi, sasa utakula nini?"

"Nilikula kabla hujazaliwa."

Mkono wangu kwa mazoea ukaenda kwenye kisiki, kukiokota kisu. Bibi akawahi, akaweka mguu wake juu yake. Mguu pekupeku, wenye nyufa na matope, ukakifunika chote.

"Hiki kiache," akasema. "Nenda, mama yako anakungoja."

Nilikwenda. Nilipanda ule mlima mbio, na kwa furaha sikuhisi hata baridi. Ndiyo utoto.

Bibi tulimzika zamani sasa. Safari hii nilikuwa natoka kuliona lile bonde. Mianzi hakuna. Pale penye kichaka changu pamesimama mipaini, mistari kwa mistari, mali ya mtu anayekaa Dar es Salaam, inayongoja tu lori la kiwanda cha karatasi cha Mgololo. Mpaini ni mti wa mtu huru: unaupanda, unakwenda zako, unarudi kukata. Haumhitaji mtu asubuhi wala jioni. Nilitamani sana uhuru wa namna hiyo nikiwa mtoto, na nimeupata, na nakuambia ukweli kwamba niliposimama katikati ya ile mipaini nilisikia upweke. Hakuna kitu pale bondeni ambacho kingekauka kwa sababu mimi sipo.

Basi pale Nyololo nilikifungua kile kisu kwa ukucha. Nikasukuma bapa huku na huku, nikakandamiza mgongo wake kwenye jiwe, kijana akaruka kama yule mchuuzi alivyoruka. Kilishika. Nikamwambia nakichukua. Nikakirudisha kwenye turubai nitoe hela, naye akakiokota, akanyoosha mkono anipe.

"Kiweke chini," nikamwambia.

Akanishangaa, lakini akakiweka kwenye turubai. Nilikitazama kidogo, nikakiokota mwenyewe. Halafu nikakumbuka kuwa sijamaliza kupima, nikabonyeza kile kichuma kwa dole gumba. Kikaachia.