Waya Mweusi Uliovaa Vumbi

Vumbi la Garissa hupaka kila kitu rangi moja: mbuzi, soksi, majani ya mwarobaini, mikate dukani. Nilivuka daraja la Tana kutoka upande ambao wenyeji huuita "Kenya", kana kwamba huku ni kwingine, nikaja kuuza vitunguu. Nina miaka tisa hapa. Nimeihesabu mara mbili, nikitumaini ningekosea.

Huku betri ya gari ni kama sufuria kubwa ya mtaa. Asubuhi ina kazi kwako, jioni ina kazi kwa jirani. Jirani yangu, mama anayeuza maziwa ya ngamia sokoni, alikuwa anamwoza binti yake na umeme wa mtaa ukakatika. Sikusubiri kuombwa. Nilifungua betri ya pikapu yangu, ikaenda kuwasha taa na kipaza sauti. Mimi nilienda kulala nikisikia wanawake wakiimba na ngoma ikipigwa, nikajua kwamba sehemu ya furaha ile ilitoka chini ya boneti yangu.

Alfajiri, baada ya swala, mjomba wa bibi harusi aliirudisha ikiwa imefunikwa kwa shuka, kama mtoto aliyelala. Yule mama alikuja nyuma yake, akapanda mbele ya gari, akatulia na tasbihi yake. Ilikuwa siku yetu ya kwenda kuchukua maziwa kwenye njiapanda ya wafugaji, upande wa barabara ya Wajir. Wafugaji huyaacha kivulini chini ya mgunga mmoja, na kivuli kile kina mwisho wake. Jua likiyafikia, maziwa hupewa mnunuzi mwingine anayepita. Nafasi nayo huenda na maziwa.

"Nikikosa leo," alisema, "watasema nimelewa harusi. Wallahi mwaka mzima nitakuwa nikinunua kwa huyo mwingine."

"Dakika mbili, mama," nikamwambia.

Nilihesabu. Nati mbili, waya mbili, spana moja. Nikahesabu tena. Kwa idadi, hakuna kilichopungua. Kwenye pikapu yangu waya zote mbili ni ndefu na hufika pande zote za betri. Ule mwekundu ulikuwa umechomwa na jua la miaka hadi ukapauka kama mfupa. Ule mweusi ulikuwa umevaa vumbi jekundu. Nikachukua uliokuwa mwekundu zaidi, nikaufunga kwenye alama ya kujumlisha.

Ilitoka cheche moja tu, bila kelele. Ikafuata harufu tamu ya plastiki inayoungua. Redio yangu, ambayo kwa miaka tisa ilinong'ona hata ikiwa imezimwa, ikanyamaza.

Fundi wa umeme wa magari alikuwa ng'ambo ya barabara, mzee mwembamba aliyefunga miwani yake kwa kamba ya kiatu. Alikuja bila haraka, akainama, akanusa kabla ya kutazama.

"Toa mkono," akasema. "Usiguse switch. Betri inatoka kwanza, halafu tunaongea."

Alitoa betri. Akachukua balbu ndogo yenye waya mbili, akaigusisha juu ya betri, ikawaka manjano safi. "Hii mzima. Ni wewe umegeuza dunia." Akafuta waya ule kwa kidole kilicholowa mate. Chini ya vumbi ulikuwa mweusi kama mkia wa nyoka.

Kisha akafungua kisanduku cha fyuzi. Ile kubwa ilikuwa imeyeyuka kama nta. Akaweka mpya, akarudisha betri vizuri, na kabla hajainuka fyuzi mpya nayo ikakata. Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyesikia jina alilolitarajia.

"Alteneta," akasema. "Ndani kuna daiodi sita, zinapitisha umeme upande mmoja tu. Umeleta upande mwingine. Zote sita zimekufa, sasa kila fyuzi tukiweka inaliwa."

"Tuseme nne," nikamwambia.

"Sita."

"Tano, tumalize."

"Adeer, mzee wangu, hii si mbuzi."

Ndani ya gari, tasbihi ilikuwa imeacha kulia. "Walaal, ndugu yangu," yule mama akaita kupitia dirishani, "kivuli hakingoji."

Fundi akatazama jua, akatazama pikapu, akaanza kunieleza huku mikono ikifanya kazi. Dizeli haihitaji alteneta ili itembee. Alteneta kazi yake ni kuirudishia betri inachotoa. Alifungua waya mnene wa alteneta, akaufunga ncha kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli, akaweka fyuzi yake ya mwisho. Tulisubiri. Haikukata. Akapita na balbu yake kila mahali, akabadilisha fyuzi ndogo tatu, akaigonga redio mara moja kwa heshima. "Huyu ameenda kwa Mola wake."

"Tutafika?"

"Kwenye pampu ya mafuta kuna kidude kinafungua njia. Kinakunywa umeme kidogo, kidogo sana. Betri sasa ni kibuyu bila kisima. Usipige honi. Usiwashe taa. Feni, hapana. Na ukifika, usizime gari. Bole bole tu, mtafika."

Sijawahi kuendesha gari kimya namna ile. Mishale yote ya dashibodi ilikuwa imelala, hata wa mafuta, kwa hiyo hatukuwa na mwendo wala kiasi, tulikuwa tu tunaenda. Barabara ilitetemeka mbele kama maji yaliyomwagwa, na maji yale yalirudi nyuma kila tulipoyakaribia. Mama alisinzia akaamka, akasinzia tena, usingizi wa harusi ukimdai. Aliniambia, macho yamefumbwa, kwamba usiku ule alimwona mwanawe akicheka chini ya taa na hakumtambua.

Twiga walitokea vichakani wakavuka barabara. Kwa kawaida ningepiga honi. Nilisimama, injini ikinguruma, nao wakapita mmoja mmoja kana kwamba ni sisi tuliokuwa tunaota na wao ndio walikuwa macho. Nilihesabu saba. Nilipohesabu tena walikuwa wanane. Sikubishana nao.

Tulifika kivuli cha mgunga kimebaki upana wa mkeka. Lori dogo la mnunuzi mwingine lilikuwa limesimama pembeni, mlango wazi, dereva wake akitafuna mswaki. Yule mama hakusubiri nisimame vizuri. Alishuka akiwa amevaa kiatu kimoja.

Mke wa mfugaji alikuwa amekaa juu ya jerikeni, akiwa amegeuza uso usimtazame dereva. Kwenye mchanga niliona michirizi: alikuwa ameyaburuta maziwa kukifuata kivuli, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu.

"Huyu ameongea tangu asubuhi," akamwambia mama yetu, akimwelekeza dereva kwa kidevu. "Nimemwambia mwenyewe yuko njiani. Harusi ilikuwa njema?"

"Njema, alhamdulillahi."

Dereva akapanda lori lake. "Na gari hilo mbona halipumziki?" akanirushia. "Linaogopa kuzimwa?"

"Linaogopa kuachwa," nikamjibu, akacheka, akaondoka.

Pale huwezi kuchukua maziwa kabla ya kuyanywa. Nilikunywa nimesimama, mkono mmoja kwenye mlango, injini ikinguruma, maziwa yana ladha ya moshi. Kisha nikapakia. Siku zote huwa ni jerikeni kumi na moja. Nilihesabu kumi na mbili. Nikahesabu tena, kumi na mbili.

"Mama, wamekosea, tuondoke upesi," nikanong'ona.

Aligeuka kuitazama ile ya mwisho, iliyofungwa shingoni kwa kipande cha kitambaa cha kijani. Akakigusa kile kitambaa kwa kidole.

"Hiyo ni ya mtoto, zawadi ya harusi yake," akasema. "Hiyo usiihesabu."

Akaipakata mapajani njia nzima, nami nikaendesha bole bole, bila honi.