Namba Nilizochora kwa Mkono

Mimi huandika vibao vya maduka hapa Kibaha. Fundi magari mmoja wa Kisarawe nilikua naye Pangani tangu utotoni, na kwa miaka mingi nilimwita kaka. Kwa hiyo aliponiita nimsaidie na gari la zamani la michezo, la viti viwili, mali ya mzee mmoja mstaafu, sikuuliza mara mbili.

Injini ilikuwa tayari. Shida ilikuwa dashibodi. Geji zilikuwa tano, zimepauka kwa jua, na namba zake ndogo kama mbegu za mchicha. Ile ya joto la injini iliwekwa chini kabisa, nyuma ya usukani, mpaka mzee ainame ndipo aione. Niliketi kwenye kiti chake, nikanyoosha mikono kama anayeendesha, nikamwambia fundi tuipandishe, ikae ubavuni mwa geji ya spidi. Akakubali.

Wiki nzima nilichora. Nilifuta vistari vilivyojazana, nikaacha vya makumi tu. Nikaandika namba nyeupe, nene, juu ya weusi usiong'aa, na mishale nikaipaka rangi ya chungwa. Namba nane ilinitesa. Niliirudia mara sita.

Mzee alipokuja kuchukua gari tulimwamkia. Akaketi, akavua miwani, akazisoma geji zote kwa sauti, moja baada ya nyingine. Akacheka kwa furaha, akauliza ni kazi ya nani.

"Nimeziagiza Ulaya, mzee," fundi alijibu. Kisha akanigeukia, akaniomba nimletee kitambaa afute kioo.

Nikakileta. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo, kuliko hata uongo wenyewe.

Mzee alipoondoka nilimuuliza fundi kwa nini. Hakuona aibu.

"Angejua ni mkono wa mwandika vibao asingeziamini," alisema. "Nimekulinda, dada."

Nilikusanya brashi zangu nikarudi Kibaha. Mara mbili ametuma watu waniombe nichore dashibodi nyingine, nami nimekataa bila kueleza. Tukikutana msibani Pangani tunasalimiana, ananiulizia watoto, namuulizia wake, kisha kila mmoja anatafuta pa kukaa. Mzee nimemwona mara moja tu, anapita Mlandizi taratibu na gari lake, mgongo ameunyoosha, macho mbele. Nilitaka kumpungia mkono. Sikujua angedhani mimi ni nani.