Kompyuta chakavu ya Mwalimu Bukuru iliyogoma kuwaka, na maneno yake ya kwanza

Wakuu, salaam kwenu popote mlipo.

Huwa nasoma tu humu, leo acha na mimi nilete changu. Hakuna chai hapa, mambo yenyewe yamenikuta mwaka jana, 2013, nikiwa Kasulu. Jina la mwalimu tu nimelibadili.

Mimi ni mwalimu wa fizikia, kwetu Korogwe. Nilipopangiwa Kasulu sikumjua mtu. Jirani yangu wa kwanza alikuwa Mwalimu Bukuru, Muha wa hapo hapo, anafundisha historia shule moja na mimi.

Mwalimu Bukuru haoni. Presha ya macho ilimla taratibu mpaka ikamaliza.

Darasani hana shida, historia yote iko kichwani. Shida ni notisi mpya na mitihani. Vyote alikuwa anasomewa na kuandikiwa na mkewe, Mama Jeni. Huyu mama anatoka shamba, anapika, halafu anakaa kumsomea mumewe mpaka sauti inakauka. Sikuwahi kumsikia akilalamika.

Sasa mama yake mzazi akaugua huko Kibondo, akalazwa. Mama Jeni ndiye binti pekee. Alienda kumwona mara moja, akarudi kujipanga aende akae naye muda mrefu.

Na mkuu wa shule alishasema kwa upole kwamba kama Mwalimu hatapata msaada wa kutunga mitihani, itabidi apumzishwe.

Mnaona hapo palivyobana.

Katika safari ile Mama Jeni alirudi na kompyuta. Ndugu yake anayefanya kazi ofisini Kibondo alipewa baada ya ofisi kununua mpya. Pentium 4, RAM ya kuhurumia. Mama aliifunga kwa kitenge akaipakata kwenye basi njia nzima, na ile barabara mnaijua. Alifika mwekundu wa vumbi kichwa hadi miguu.

"Mwakeye, Mwalimu," akanisalimia. "Nimesikia kuna kompyuta zinazoongea. Hii ifundishe kuongea."

Wakuu, ningekataaje?

Nilikuwa najua kuna Linux zenye screen reader ya bure, programu inayosoma kwa sauti kilichoko kwenye kioo, na sauti ya Kiswahili ipo. Nikafungua mashine. Hard disk ilikuwa imekufa, inagonga tu kama mtu anabisha hodi. Nikaweka ya kwangu, ya 160GB, nikainstall kwa CD. Ikaenda vizuri mpaka mwisho. Nikarestart.

Kioo cheusi. Mstari mmoja wa error, basi.

Nikarudia kuinstall. Ile ile. Nikabadili cable, nikabadili CD, nikasafisha RAM kwa kifutio cha penseli. Error ile ile. Wiki ikaisha, na Mama Jeni alikuwa ameshapanga kuondoka Jumatatu.

Jumamosi asubuhi nikaibeba mashine, nikaenda kwao kukiri nimeshindwa.

"Imekufa?" Mwalimu akauliza.

"Haijafa. Inawaka, ila haifiki mwisho."

"Inasema nini ikikwama? Nisomee."

Sikuwa nimewahi kuisoma ile error kwa utulivu. Kila ikitokea nilikuwa nakimbilia kuzima. Nikaiwasha, nikamsomea, nikamtafsiria: inajaribu kusoma nje ya diski.

Akakunja uso. "Nje ya diski? Kwani diski inaishia wapi?"

Aliuliza tu kama mtu anayetaka kuelewa. Lakini mimi nikaganda na kikombe mkononi.

Kwa wasio wa mambo haya: BIOS, ile programu ya kwanza inayoiamsha kompyuta, nyingine za zamani haziwezi kuona diski kubwa yote. Zinaona mpaka kama 137GB, baada ya hapo kwao ni giza. Mfumo wangu ulikuwa umeweka faili za kuwashia kule mwishoni, BIOS inazitafuta, haifiki. (Watu wa IT mtanirekebisha.)

Nikafuta vyote. Safari hii nikakata partition ndogo ya /boot, yaani sehemu ya hizo faili za kuwashia, mwanzoni kabisa mwa diski, nikainstall upya.

Ikawaka!

Nilipiga kelele mpaka Mama Jeni akatoka jikoni na mwiko.

Baadaye umeme ukakatika, uliporudi mashine ikasahau tarehe na kugoma tena. Hapo sikuhangaika, ilikuwa betri ya motherboard. Nilipata nyingine kwa muuza saa pale sokoni.

Jumapili baada ya kanisa nikampa Mwalimu keyboard. Kumbe ujanani alijifunza taipureta, vidole vilikuwa bado vinakumbuka. Akakosea, akafuta, mashine inamtajia kila herufi kwa Kiswahili cha mtu aliyebanwa pua. Tulicheka.

Kisha akaandika muda mrefu kidogo. Akaniuliza kitufe cha kusoma yote, nikamwekea kidole juu yake.

Mashine ikasema:

"Mke wangu, nenda ukamuuguze mama. Usiwe na wasiwasi na mimi. Umenisomea vya kutosha, sasa pumzisha sauti."

Mama Jeni alikuwa anachambua maharage. Akasimama, ungo ukamponyoka, maharage yakatapakaa sakafuni.

"Ameniita mke wangu," akaniambia, machozi yanamtoka. "Tangu tumzae Jeni ananiita Mama Jeni tu."

Mwalimu akapapasa hewani mpaka akaupata mkono wake. Mimi nikainama kuokota maharage, maana sikujua pa kuangalia.

Jumatatu mama alipanda basi la Kibondo. Muhula ule Mwalimu alitunga mtihani wake mwenyewe, mimi nikaprint tu. Hadi leo anafundisha, na yule bibi wa Kibondo alipona, wamemleta Kasulu wanaishi naye.

Nilichojifunza: kabla ya kuformat mara ya kumi, soma error. Isome kwa sauti, ikiwezekana msomee mtu asiyejua kompyuta. Na kama nyumbani kwako kuna mtu anayekubebea mzigo kimya kimya, mwambie umeuona.

Wenye ujuzi wa screen reader, naombeni msaada: sauti ya Kiswahili isiyobana pua inapatikana wapi? Na kama una mzazi au mwenza aliyepoteza macho, tupe uzoefu wako. Nipo nasoma comments zote.