Nyumba ya Magogo ya Kiilu wa Matinyani

Mwaka wa sabini na nne, Kiilu aliporudi Matinyani kutoka kazi ya kupasua mbao Elburgon, hakuleta redio wala baiskeli. Alileta nyumba, tena nyumba yenyewe ilikuwa bado iko kichwani.

"Nataka ya magogo," alimwambia bibi yake, Syombua. "Magogo mazima, moja juu ya ingine, yameshikana kwa kona kama vidole. Na ndani, fayaplesi."

"Fa-nini?"

"Ile jiko ya mawe ya kuota moto, iko ndani ya ukuta. Moshi inatokea juu na chimni."

Syombua aliangalia nje. Kuku walikuwa wamefungua midomo kwa joto. "Baba Kalunde," alisema polepole, kama anaongea na mgonjwa, "moto ya kuota, hapa?"

Matinyani nzima ilicheka. Watu walikuwa wanachoma matofali, na huyu anataka kulala ndani ya kuni. "Kiilu, ukisikia baridi fungua mlango tu, jua itaingia bure!"

Aliwaacha wacheke. Syombua peke yake ndiye alijua kwamba kule Elburgon kazi yake ya jioni ilikuwa kuwasha moto kwa nyumba ya meneja. Anapanga kuni, anapuliza mpaka inashika, halafu anaambiwa asante Kiilu, unaweza kwenda. Anaenda kulala kwa chumba cha mabati, na baridi ya kule si ya mchezo. Miaka yote hiyo hakuketi mbele ya ule moto hata kidogo. Sasa alitaka wake, na kiti mbele yake, na mtu asimwambie aende.

Shida ilikuwa magogo. Mchwa wa Kitui anakula karibu kila mti, lakini mti wa mukau anaupita kama hajauona. Na mikau minene, iliyonyooka, ya kutosha nyumba, ilikuwa kwa shamba moja tu, Kanyangi, kwa Mbinya. Mbinya ni mama yake Syombua.

Sasa Mkamba haongei na mama mkwe ana kwa ana. Hiyo heshima inaitwa nthoni. Ukimwona anakuja, unaingia kichakani mpaka apite. Mchungaji aliwahi kuhubiri kwamba kusalimia mama mkwe si dhambi, na Kiilu alisema amina kushinda wote. Siku hiyo hiyo alimkuta Mbinya kwa geti ya kanisa, akaruka ua wa miiba, akararua suruali ya Jumapili.

Kwa hivyo huko Kanyangi Kiilu alisimama nyuma ya boma la mbuzi, amewapa mgongo. Mbinya aliketi mlangoni akipepeta mbaazi. Syombua alikuwa katikati, wa kubeba maneno.

"Mwambie nataka kununua mikau yake, ya kujenga nyumba."

Syombua alimfuata mama yake. "Mwaitu, anataka kununua mikau, ya kujenga nyumba."

Mbinya alikuwa amesikia. Hata mbuzi walikuwa wamesikia. Lakini alingoja aletewe, kama mtu anangoja chai. "Mwambie pesa akae nayo. Muulize, kwa hiyo nyumba, mimi nikikuja kuona mtoto wangu nitalala wapi?"

Kiilu alikuna kichwa. Mama mkwe halali chini ya paa moja na mkwe wake, hiyo kila mtu anajua. Lakini plani yake ilikuwa chumba kimoja kikubwa, vile aliona kwa meneja, na mama mkwe wa meneja alikuwa ng'ambo.

"Mwambie nitamjengea kanyumba kando. Ka udongo."

"Hiyo nipeleke kweli?"

"Peleka."

"Ya udongo!" Mbinya alimwambia kuku aliyekuwa karibu, kwa sauti ya kufika Kitui mjini. "Wewe kuku, umesikia? Yeye alale ndani ya miti ya marehemu bwanangu, mimi nilale na mchwa! Na moto awe nao yeye, na mifupa inauma ni yangu! Moto ikiwa si kwangu, hakuna mti unakatwa hapa."

"Amesema..." Syombua alianza.

"Nimesikia."

"Hujasikia. Unasikia nikishakuambia."

Alipomaliza kumwambia, Kiilu aliokota kofia yake. "Basi twende nyumbani. Bila moto, mimi nyumba ni ya nini."

Aliisema bila hasira, na hapo ndipo Syombua alishtuka. Akaketi mavumbini, akachukua kijiti, akachora nyumba mbili zimepeana mgongo.

"Nyinyi wawili, nimechoka kutembea. Chimni ni moja, iko hapa katikati. Mdomo mmoja unaangalia kwa mwaitu, mwingine unaangalia kwetu. Paa ni mbili, na hapa mvua inapita. Nani analala chini ya paa ya nani?"

Mbinya alimuuliza kuku kama paa mbili ni paa moja. Kuku hakupinga.

Fundi alitoka Emali, Mkikuyu anaitwa Mbugua, walifanya kazi pamoja na Kiilu huko Elburgon. Aliangalia ile plani, akaangalia Kiilu. "Hii ni nyumba ama ni mapacha wamekosana?" Lakini alijenga. Magogo yaligawanywa mara mbili, veranda ikakatwa, chumba cha Kiilu kikabaki cha kitanda, meza na kiti. Kiilu alikubali yote. Mawe ya chimni tu ndiyo alibeba mwenyewe, hakutaka mtu ayaguse.

Julai, ukungu ukashuka, na Mbinya akaja na mzigo wake, akaingia kwa mlango wake. Jioni hiyo Kiilu alipanga kuni, akapuliza mpaka ikashika, akachukua chai yake, akaketi, akanyoosha miguu. Hakuna mtu alisema asante Kiilu, unaweza kwenda.

"Kuni mbichi," moto ukasema.

Kiilu aliruka, chai ikamwagika. Sauti ilikuwa inashuka na chimni.

"Siongei na mtu," sauti ikaendelea. "Naongea na moto wangu. Moto, huko upande ule kuna mtu ameweka kuni mbichi, moshi yote inakuja kwangu."

Kiilu alimwangalia bibi yake. Syombua hakuinua macho kwa kiondo alichokuwa anasuka. "Usiniangalie. Hiyo kazi niliacha."

Kiilu alifikiria. Akatoa ile kuni, akaweka kavu. Akakohoa, akaangalia moto. "Moto, na sasa?"

"Sasa ni sawa. Na huyo mtu apunguze sukari. Anakoroga sana, nasikia kijiko."

Kiilu aliweka kijiko chini polepole kabisa, akasogeza kiti karibu.