Taa Niliyoizima kwenye Lori la Papa Zawadi

Nakumbuka asubuhi moja pale garaji, mwanangu, Papa Zawadi aliposhuka kwenye lori lake akiwa amekasirika. Lori lenyewe lilikuwa moja ya malori haya yanayobadilisha vitesi, yaani gia, kwa kompyuta. Akanieleza kwamba akipanda mlima na mzigo, gurudumu likigonga shimo, vitesi inatoka yenyewe, taa nyekundu inawaka, kisha vitesi inarudi kama vile hakuna kitu.

Nilikuwa kijana, na garaji nzima ni mimi peke yangu niliyejua kutumia valizi, ile mashine tunayochomeka kwenye gari ili itueleze ugonjwa. Basi kiburi kilinijaa mpaka masikioni. Valizi ikanionyesha kode, ile alama ya hitilafu: umeme unakatika. Sikuiandika popote. Nikaifuta, taa ikazimika, nikalijaribu lori likiwa tupu kule Nguba, kwenye tambarare kando ya ziwa. Vitesi ziliingia vizuri kabisa.

Muzee Ntaboba, aliyenifundisha kazi na ambaye hakuwahi kugusa valizi, akaniuliza kama nimeushika waya wa masi, ule unaofungwa kwenye chuma cha gari. Nilimcheka, mwanangu. Nikamwambia haya si magari ya zamani zake.

"Dereva amekuambia mulima," akasema. "Wewe unapimia kwenye tambarare?"

Nikamgeukia Papa Zawadi: "Iko muzuri, Papa. Enda."

Akapakia simenti, akashika njia ya Bunyakiri. Kwenye mpando wenye tope vitesi ikatoka, haikurudi tena. Breki zilishika, lakini tope halikushika, na lori likarudi nyuma na mzigo wote mpaka bondeni. Walimtoa akiwa amekwisha kufa.

Muzee alinipeleka kwenye mabaki ya lori. Akaushika ule waya kwa vidole viwili, ukacheza. Chini ya bolti kulikuwa na kutu tupu. "Mashine ilikuambia," akasema, "wewe ukaifunga kinywa."

Kwenye kilio, Maman Zawadi, mjane wake, alinishika mikono. Akanishukuru kwamba mume wake aliondoka nyumbani bila hofu, kwa sababu fundi alimuhakikishia. Heri angenipiga kofi.

Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi guu langu hili hapa, zima. Aliyevunjika ni mtu mwingine, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Kwa hiyo, mwanangu, umsikilize dereva, maana yeye ndiye anayeshinda na ule ugonjwa. Kode uiandike kabla ya kuifuta. Mficha maradhi, kilio humuumbua. Uanze na betri na waya, utikise kwa mkono wako. Kisha ulipime lori pale pale linapougulia, mlimani, na mzigo, wewe mwenyewe ukiwa umeketi karibu na dereva. Kama unaogopa kupanda naye, basi halijapona.

Mungu akupe masikio kabla ya mikono, na kila dereva utakayemwambia "enda", arudi kula na watoto wake.