Kibuyu Kisichotuliwa Njiani

Enzi zetu, ukimaliza darasa la saba ulihesabiwa mtu wa kutumwa mbali. Ulivaa viatu vyako vya matairi, ukafungiwa viazi vya kuchemsha kwenye kikapu, ukaenda hadi Bukoba na kurudi na akili zako. Wajukuu zangu wakitumwa dukani hupiga simu kuuliza ni sabuni ipi.

Ndivyo Mama Shija, jirani yetu pale Ushirombo, alivyomtuma mwanawe Luhende akamchukue kaka yake. Shija alikwenda vita vya Kagera tukiwa bado tunachunga ndama, na hakurudi. Wanajeshi walikuja kusema amezikwa Kaboya, lakini mama yake alikataa kumaliza msiba. Jioni sote tulifunga milango kwa komeo. Yeye aliurudishia tu wake, na ugali wa Shija ukabaki umefunikwa. Tulizoea, kama watoto wanavyozoea huzuni ya nyumba ya jirani.

"Aliyefia mbali hurudi na udongo wa kaburi lake," alituambia, akimkabidhi Luhende kibuyu kidogo. "Ila msimtue chini njiani. Mkimtua atadhani ndipo amefika."

Tulikwenda watatu: Luhende, rafiki yetu Paskali na mimi. Kwanza tulipita Kyaka, vita vilikopiganwa, tukaliona daraja na kuta zenye matundu ya risasi. Kijijini tulizoea kupigana vita kwa bunduki za mabua ya mtama, aliyekufa akilala kidogo kisha anafufuka. Pale darajani hakuna aliyetamani kucheza.

Kaboya, makaburi yalikuwa safu kwa safu, yote sawa, na mnara umesimama kimya. Luhende alipoliona jina la kaka yake aliamkia, "Shikamoo, kaka," akainama kama anayesubiri kuitikiwa. Paskali akaanza kulia, nasi tukamfuata. Askari aliyelinda pale alivua kofia, akaturuhusu kuchota udongo.

Kwenye basi la kurudi utingo akataka mizigo yote ipande juu ya keria.

"Huu haupandi," Luhende akasema.

"Kwani kuna nini humo?"

"Kaka yangu. Namtoa Kaboya. Mama amesema asituliwe mpaka nyumbani."

Abiria wakageuka kututazama. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akasema, "Mwache, baba." Utingo akatuacha.

Karibu na Biharamulo basi lilikwama kwenye matope, wanaume wakashuka kusukuma, na kibuyu kikabaki mapajani mwa yule mama. Baadaye usingizi ulipotuzidi nguvu, abiria walianza kupokezana. Watu ambao hawakumjua Shija walimpakata, mmoja akimsalia rozari. Hata utingo alimshika, amesimama mlangoni, mkono mmoja tu ukiwa kwenye bomba.

Mama Shija alitupokea uwanjani kwake. Habari za safari hakuuliza.

"Mmemtua?"

"Hatujamtua, mama."

Alikipokea kibuyu kwa mikono miwili. "Ng'wana wane," alisema kwa Kisukuma, mwanangu, kisha akalia kwa sauti kwa mara ya kwanza tangu vita viishe. Udongo ule ulizikwa kando ya zizi, ukoo mzima ukanyoa nywele kumaliza msiba. Jioni tukiwa tunaota moto tulisikia komeo la mlango wake likiingia mahali pake. Baba yangu alinyanyua kichwa, akasema, "Afadhali."

Majuzi niliwapeleka wajukuu Kaboya. Barabara ni lami tupu. Walipiga picha, wakacheka kidogo, wakajirekebisha nilipowatazama, na kabla hatujatoka getini picha zilishafika kwa binamu zao Kahama. Sikuwakemea. Lakini njia nzima niliwaza: katika basi la leo, kila mmoja ameziba masikio kwa simu yake, nani angempakata Shija?

Mdogo wao aliniuliza kwa nini sikuchukua chochote cha kumbukumbu.

"Wetu alisharudi nyumbani," nikamjibu.