Nyasi za Muuza Rubisi

Muuza rubisi wa Temeke alikuwa mwanamke mwenye mdomo mchafu kuliko mtaro. Kila Ijumaa alikuwa anakanyaga ndizi za pombe hiyo kwa nyasi alizoletewa kutoka milimani Karagwe, kazi ambayo kwao ni ya wanaume, na akimaliza anazisuuza, anazianika, anazifunga vizuri kama kanga za harusi. Polikarpo, kijana wa nyumba ya pili, alijifutia humo matope ya viatu siku moja, akaambiwa, "We mbwa, kajifutie kwenye paa la kwenu." Toka hapo salamu hakuna.

Masika ya mwaka ule mama yake Polikarpo akafa, na mvua ikaingia ndani, sakafu ya udongo ikawa uji. Watu wa msibani wamesimama wima kama foleni ya sukari, maana kila mkeka ukitandikwa unazama. Muuza rubisi akaingia na mzigo wake wote kichwani, akatandaza nyasi chumba kizima, kama wanavyofanya kwao anapokuja mgeni wa heshima.

"Mama, zikikaliwa si ndo basi tena kukanyagia ndizi? Na rubisi ya kesho?" Polikarpo akamuuliza.

"Walevi watakunywa maji. Kaa na mama yako." Akamtazama miguuni. "Vua viatu kwanza, mbwa we."